Nukta, Mstari na Pindo: Namna ya Kupamba Kucha Ukiwa Nyumbani

Kijana anapita mtaani na kapu la vichupa vya rangi, anavigonganisha ili asikike, na mama aliyekaa barazani anamwita aje amsafishe kucha. Huduma hiyo imezoeleka Dar es Salaam, na kwa rangi moja ya kawaida inatosha kabisa. Shida huja mtu anapotaka urembo zaidi: ua kwenye kidole cha pete, mstari mweupe nchani, vidoti vya kufuatana na gauni la sherehe. Hapo wengi huamini kwamba lazima waende saluni au wawe wamezaliwa na mkono wa mchoraji.

Mambo si magumu kiasi hicho. Mapambo mepesi ya kucha karibu yote yanatokana na vitu vitatu: nukta, mstari na pindo. Anayejua kuweka nukta safi, kuvuta mstari ulionyooka na kuchora pindo nchani mwa ukucha ameshapata mitindo zaidi ya kumi, na mifano ya kuiga imejaa kwenye kanga alizonazo kabatini. Kinachotenganisha kazi safi na kazi iliyochafuka ni tabaka jembamba la rangi na subira ya kuliacha likauke. Kipaji kinakuja nyuma ya hayo mawili.

Vifaa: anza na vilivyomo ndani

Huhitaji seti ya brashi za kuagiza. Hivi vinatosha:

- Rangi mbili au tatu za kawaida. Chagua zinazopishana sana, mfano nyeupe na nyekundu, ili mchoro uonekane.
- Rangi angavu, yaani ile isiyoonyesha kitu ila mng'ao, ya kupaka chini kabisa na juu kabisa. Ukiweza, nunua mbili tofauti: ya chini hutengenezwa ishike ukucha, ya juu hutengenezwa ing'ae na kuwa ngumu.
- Dawa ya kutolea rangi, pamba, kikata kucha na msasa wa kucha.
- Kwa nukta: vijiti vya kuchokolea meno, pini ya nywele yenye kichwa cha mviringo, na kalamu ya wino iliyokwisha.
- Kwa mistari: selotepu ya kawaida na mkasi mdogo.
- Kwa rangi zinazoingiliana: kipande cha sponji mpya ya kuoshea vyombo.
- Mafuta ya mgando, na sahani ya zamani ya kuwekea matone ya rangi.

Kabla ya kuanza, kagua rangi zako. Rangi ya kucha ya kawaida ni naitroselulosi iliyoyeyushwa ndani ya viyeyushi kama ethili asetati na butili asetati. Ukiipaka, viyeyushi hupaa hewani na utando hubaki juu ya ukucha. Ndiyo sababu kichupa kilichoachwa wazi huganda. Wengi hukiongezea asetoni, nayo huilainisha rangi kwa muda lakini huvuruga mchanganyiko wake, hata rangi ikipakwa haikai. Kiyeyusho kilichotengenezwa kwa ajili ya rangi za kucha kinafaa zaidi, matone mawili au matatu tu. Kama hukipati, tupa rangi hiyo. Rangi nzito haitoi nukta ya duara wala mstari mwembamba, hata mkono uwe hodari vipi.

Kuandaa kucha

Nusu ya kazi iko hapa. Toa rangi ya zamani yote. Lowesha pamba kwa dawa, ikandamize juu ya ukucha huku ukihesabu hadi kumi, kisha ivute kuelekea nchani mara moja. Ukisugua huku na huku unaisambaza rangi kwenye ngozi, na nyekundu ikishaingia kwenye mikunjo ya ngozi kuitoa ni kazi nyingine.

Kata kucha zilingane. Si lazima ziwe ndefu. Ukucha mfupi hubeba nukta na mistari vizuri, tena haukatiki ovyo kwa mtu anayefua na kukanda unga. Piga msasa kwa mwelekeo mmoja, kutoka pembeni kwenda katikati, maana kwenda na kurudi huchanachana ncha. Wembe uache. Ukiteleza unakata ngozi, na wembe unaopita mkono hadi mkono unaweza kupitisha homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7. Mnaporembana nyumbani kabla ya harusi au kicheni pati, kila mtu awe na kikata kucha chake na msasa wake.

Ile ngozi nyembamba inayofunika shina la ukucha isikatwe. Kazi yake ni kuzuia vijidudu visiingie mahali ukucha unapoota. Ipake mafuta, iache ilainike dakika chache, kisha isukume nyuma polepole kwa kijiti kilichozungushiwa pamba.

Sasa nawa kwa sabuni na ukaushe mikono vizuri. Kuloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kisha kupaka rangi papo hapo ni kosa la kawaida. Ukucha hufyonza maji na kutanuka. Ukikauka hunywea, na rangi iliyo juu yake hupasuka. Ukishaloweka, subiri angalau nusu saa. Mwisho, pitisha pamba yenye dawa ya kutolea rangi juu ya kila ukucha mtupu ili kuondoa mafuta. Mtu aliyetoka kujipaka mafuta ya nazi asipofanya hivyo, rangi yake itaanza kubanduka siku ya pili na ataisingizia kichupa.

Tabaka jembamba, kisha subira

Zungusha kichupa katikati ya viganja badala ya kukitikisa, kwa sababu kukitikisa huingiza viputo vya hewa ambavyo utaviona baadaye juu ya ukucha. Kaa mezani karibu na dirisha, viwiko vyote viwili vikiwa vimeegemea. Epuka jua kali na feni inayopuliza moja kwa moja. Uso wa rangi hukauka kabla ya ndani, na rangi hubaki na vipele.

1. Paka rangi angavu ya chini, tabaka moja. Husaidia rangi kushika, na huzuia nyekundu na rangi nyingine za giza zisiache umanjano kwenye ukucha.
2. Subiri dakika mbili au tatu.
3. Futa brashi kwenye mdomo wa kichupa ili ibaki na rangi kidogo. Paka kwa mipigo mitatu: katikati, kushoto, kulia. Rangi isiguse ngozi. Acha nafasi ndogo sana pembeni.
4. Pitisha brashi kwenye ukingo wa ncha, pale ukucha unapogusana na vitu. Hapo ndipo rangi huanzia kumeguka.
5. Subiri tena dakika mbili au tatu, kisha paka tabaka la pili.

Tabaka la kwanza likionekana na michirizi, usilirudierudie. La pili litaifunika. Matabaka mawili membamba hukauka mapema kuliko moja nene, na hayafanyi mikunjo.

Usichore kabla rangi hiyo haijakauka. Gusanisha kucha mbili taratibu: zikiteleza bila kunata, uko tayari kuweka nukta. Kwa kawaida dakika 15 hutosha. Kwa selotepu subiri saa moja au zaidi. Wenye busara hupaka rangi jioni na kuchora kesho yake.

Nukta

Dondosha tone la rangi kwenye sahani. Usichovye pini ndani ya kichupa. Chovya kichwa cha pini, ishike wima, gusa ukucha, inua. Usisukume wala kuzungusha. Tone hujitandaza lenyewe na kuwa duara. Ncha ya kijiti hutoa nukta ndogo, kalamu ya wino nukta ya wastani, na kichwa cha pini nukta kubwa. Ukitaka nukta zinazolingana, chovya upya kila mara. Ukitaka zipungue kidogokidogo, chovya mara moja na uguse mfululizo. Jizoeze kwanza kwenye sahani.

Kutokana na nukta pekee unapata:

- Doa la shina. Nukta moja karibu na shina la kila ukucha. Ni mtindo wa dakika tano, na unafaa hata ofisini.
- Kanga. Madoa meupe madogo juu ya rangi nyeusi, yakisambazwa bila mpangilio, kwa kuiga manyoya ya ndege kanga.
- Mkufu. Nukta zinazofuata upinde wa shina, kubwa ikiwa katikati na ndogo pembeni.
- Ua. Nukta tano kwenye duara, na ya sita ya rangi nyingine katikati. Ukitaka petali ziwe na ncha, vuta kila nukta kuelekea katikati kwa kijiti kabla haijakauka, kisha uweke ile ya sita.
- Kopa. Nukta mbili zilizogusana ubavu kwa ubavu. Vuta kila moja kwenda chini kwa kijiti zikutane kwenye ncha moja.
- Korosho. Nukta moja kubwa, kisha vuta mkia wake huku ukiupinda upande. Ikikauka, weka nukta ndogo ya rangi nyingine tumboni. Ni umbo lile lile unaloliona kwenye kanga nyingi.

Mstari

Kata selotepu vipande vyembamba. Kila kipande kibandike kwanza nyuma ya kiganja na kukibandua, ili gundi ipunguze makali na isiondoke na rangi ya chini. Kisha kibandike kwenye ukucha na ukandamize kingo zake vizuri, la sivyo rangi itapenya chini yake. Paka tabaka moja la rangi ya pili, na uvute selotepu wakati rangi ingali mbichi. Ukingoja ikauke, ukingo utang'oka nayo na mstari utakuwa na meno.

Selotepu moja ikikatiza ukucha mshazari inakupa rangi mbili nusu kwa nusu. Vipande viwili vilivyokutana vinakupa pembetatu kwenye shina. Vitatu vikiacha nafasi sawa vinakupa milia. Usijaze mitindo yote kwenye vidole vyote. Mchoro kwenye kidole cha pete cha kila mkono, na rangi moja kwenye vingine, huonekana nadhifu kuliko vidole kumi vinavyogombana.

Mstari wa mkono mtupu unahitaji brashi nyembamba. Chukua brashi ya wanja wa maji iliyokwisha, ioshe vizuri kwa dawa ya kutolea rangi, au chukua brashi ya kichupa kilichokauka na upunguze nywele zake kwa mkasi mpaka zibaki chache. Ichovye, ilaze juu ya ukucha, kisha tuliza mkono wenye brashi na ukivute kidole chenyewe kurudi nyuma. Mkono unaovuta mstari hutetemeka. Kidole kinachovutwa juu ya meza hakitetemeki sana.

Pindo

Pindo ni ule mpaka wa rangi tofauti nchani, aghalabu mweupe juu ya waridi hafifu au juu ya rangi angavu. Unaonekana rahisi, lakini ndio unaowashinda wengi, kwa sababu jicho hugundua haraka upinde usiolingana.

Kuna njia mbili. Ya kwanza: simamisha brashi ikigusa kona moja ya ncha, kisha zungusha kidole, si brashi, mpaka ufike kona ya pili. Ya pili ni ya kusahihisha: paka nyeupe nchani bila kujali sana usawa, iache ishike kidogo, kisha chovya brashi bapa safi kwenye dawa ya kutolea rangi, ikamue, na uchonge upinde kwa kufuta ziada. Njia hii inahitaji rangi ya chini iwe angavu au hafifu sana, maana dawa itagusa nayo.

Kwa ukucha mfupi, pindo lisizidi milimita moja hivi. Likiwa pana linaufanya ukucha uonekane mfupi zaidi. Ukishalimudu, liongezee mstari mwembamba wa rangi nyingine chini yake, au safu ya nukta ndogo. Unaweza pia kuligeuza na kuliweka kwenye shina, likifuata upinde wa ngozi.

Sponji kwa rangi zinazoingiliana

Paka kwanza rangi nyeupe na uiache ikauke. Zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi ya kidole, ukiangalia yasiguse ukucha. Kwenye kipande cha sponji paka rangi mbili zikigusana, mfano njano na chungwa, au bluu na kijani. Gongagonga ukucha kidogokidogo huku ukisogeza sponji juu na chini kiasi kidogo sana, ili mahali zinapokutana pasionekane mstari. Rudia mara mbili au tatu, ukiacha kila tabaka likauke. Uso utakuwa na chembechembe, usishtuke; rangi angavu ya juu itausawazisha. Pangusa mafuta, na rangi iliyomwagikia ngozi itaondoka nayo.

Kazi moja kamili: kucha za kisutu

Kanga ya kisutu, inayohusishwa na maharusi wa pwani, ina rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi hizo hizo zinakupa kazi ya kujipima.

Paka kucha zote nyekundu, matabaka mawili, na uziache usiku kucha. Kesho yake, kwenye kidole cha pete na kidole gumba, tumia selotepu kutenga robo ya juu ya ukucha na uipake nyeusi. Vuta selotepu mara moja. Ikikauka, weka safu ya nukta ndogo nyeupe pale nyekundu na nyeusi zinapokutana. Zitaficha hata kasoro za mstari. Katikati ya nyekundu weka korosho moja nyeupe yenye nukta nyeusi ndani. Vidole vingine vipe nukta moja nyeupe kwenye shina, basi. Umetumia nukta, mstari na pindo kwa pamoja, na umenunua rangi tatu tu.

Mkono usiouzoea

Anayetumia mkono wa kulia huchora vizuri kushoto, kisha hukwama. Anza na kazi ngumu: chora kwa mkono usiouzoea kwanza, ungali hujachoka na rangi ingali nyepesi. Uchagulie mkono huo mchoro rahisi, nukta zaidi kuliko mistari. Egemeza kidole kidogo cha mkono unaochora juu ya meza kiwe nguzo. Kama kuna dada au jirani, badilishaneni. Kumchora mwingine ni rahisi kuliko kujichora.

Kufunga kazi

Michoro ikauke dakika 15 au 20, kisha paka rangi angavu ya juu. Brashi iwe na rangi ya kutosha na ipite juu juu bila kukandamiza, mpigo mmoja kila upande. Brashi kavu huburuta nyeusi juu ya nyeupe. Funga na ukingo wa ncha.

Baada ya robo saa kucha hazitanata, lakini ndani rangi bado ni laini kwa saa kadhaa. Usioshe vyombo, usioge maji ya moto, na usiende kulala muda huo huo, la sivyo utaamka na alama za shuka. Mwenye sherehe Jumamosi mchana apambe Ijumaa mapema jioni.

Kasoro na tiba yake

- Rangi imegusa ngozi. Zungushia kijiti pamba kidogo, chovya kwenye dawa, pitisha pembeni.
- Rangi imekwaruzika ingali mbichi. Lowesha ncha ya kidole kingine kwa tone dogo la dawa, gusa mkwaruzo polepole usawazike, kisha paka tabaka jembamba juu.
- Viputo. Tabaka lilikuwa nene, au kichupa kilitikiswa. Hakuna dawa ila kutoa na kurudia.
- Ncha imemeguka siku ya tatu. Ongeza nukta au pindo mahali hapo, watu watadhani ulikusudia.

Hina, kwa asiyetaka utando

Rangi ya kucha hufanya utando unaozuia maji kufika kwenye ukucha, hivyo Waislamu wengi huitoa kabla ya kutawadha. Hina haina tatizo hilo. Majani ya mhina yana rangi ya asili inayojishikiza kwenye keratini, protini inayojenga kucha, na haiachi tabaka juu. Hina ya asili hutoa chungwa, nyekundu au hudhurungi, nayo hukolea zaidi siku moja au mbili baada ya kuoshwa. Haifutiki kwa asetoni. Hukua na ukucha mpaka iishe. Kucha za mikono hukua wastani wa milimita 3 kwa mwezi na hujibadilisha kwa takriban miezi 6, za miguu huchukua mwaka au zaidi. Fikiria hilo kabla ya kupaka.

Mchoro unawezekana. Bandika kipande cha selotepu kilichokatwa upinde kwenye shina la ukucha, zungushia ngozi mafuta ya mgando, weka hina nzito, iache saa kadhaa, kisha bandua. Utabaki na mwezi mwandamo wa rangi ya asili ya ukucha.

Piko nyeusi ni jambo jingine. Nyingi inayotumika siku hizi ni dawa ya kutia nywele weusi, yenye kemikali iitwayo PPD. Ikigusa ngozi inaweza kuleta mwasho, malengelenge na makovu, na mtu akishapata mzio wake anaweza kudhurika tena kila atakapotia nywele rangi. Hina ya asili haitoi weusi wa makaa. Ukiambiwa inakuwa nyeusi kwa dakika chache, iache. Watoto wachanga wasipakwe hata hina ya asili: wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo nadra katika maeneo ya malaria, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu.

Moto, watoto na kucha za jeli

Rangi ya kucha na asetoni hushika moto upesi, na mvuke wake pia. Usipake karibu na jiko la mkaa, gesi, mshumaa wala kibatari, na usivute sigara. Fungua dirisha. Funga vichupa mara tu unapomaliza na uviweke mahali mtoto hafikii. Asetoni haionekani tofauti na maji.

Kucha za jeli zinazokaushwa kwa taa zimeingia majumbani, lakini si kazi ya kujifunzia peke yako. Jeli isiyokauka sawasawa ikigusa ngozi inaweza kusababisha mzio wa kudumu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya tangu 2021 umeagiza bidhaa za kucha zenye kemikali ya HEMA zitumiwe na wataalamu tu, na tarehe 1 Septemba 2025, kwa sababu tofauti, ulipiga marufuku kemikali nyingine ya jeli, TPO. Kucha za kubandika nazo zimewahi kuzua mjadala: Septemba 2018 aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania, Job Ndugai, aliwazuia wabunge wanawake kuingia ukumbini wakiwa na kope na kucha bandia, akitaja hoja za kiafya. Rangi juu ya ukucha wako mwenyewe haina gundi wala kusugua ukucha mpaka uwe mwembamba, na hiyo ni faida yake kubwa.

Wakati wa kuacha kucha wazi

Anayepika chakula cha kuuza na anayehudumia wagonjwa aache kucha fupi, bila mapambo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unawataka wahudumu wa afya wasivae kucha bandia na ncha za kucha zao zisifike nusu sentimita. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji au kujifungua atoe rangi nyumbani: wahudumu hutazama kucha kuona kama damu imepungua, na rangi za giza zinaweza kuvuruga kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni.

Usifunike ugonjwa kwa rangi. Ukucha uliogeuka kijani, uliokuwa mnene na kumeguka, au unaoachana na nyama yake unahitaji kituo cha afya. Mistari ya kahawia au myeusi kwenye kucha ni ya kawaida kwa watu wengi weusi, lakini mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kuipaka weusi ngozi ya jirani, uonwe na daktari mapema. Kuhusu ile imani kwamba kucha zinahitaji kupumua, hazipumui. Hupata oksijeni kutoka kwenye damu. Ila zikionekana na mabaka meupe makavu baada ya kutoa rangi, zipumzishe na kuzipaka mafuta mpaka sehemu hiyo ikue.

Kutunza na kutoa

Vaa glavu unapofua. Kila siku mbili au tatu ongeza tabaka jembamba la rangi angavu, na jioni paka mafuta ya nazi kuzunguka kucha. Mikononi mapambo hudumu kama wiki moja, miguuni zaidi. Rangi ikianza kunyanyuka kingo, usiibandue kwa meno wala kwa ukucha mwingine. Huondoka na sehemu ya uso wa ukucha, na mchoro unaofuata hautakaa vizuri hapo. Chukua pamba na dawa, hesabu hadi kumi kwa kila kidole, nawa, paka mafuta. Kisha chagua mtindo mmoja ambao hukuujaribu mara iliyopita.